Mrejesho: ubao wa mashindano kwenye bahari chafu

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama ubao wa kusimama na kupiga kafi (SUP) wa futi 14, upana inchi 23, utanifaa kushindana bahari ikichafuka. Mliosema niongeze upana, mmeshinda. Niliazima huo mwembamba pale Nyali, Mombasa, upepo wa kusi unavuma: nilianguka mara tatu hata sijafika mbali, kafi huku, mimi kule. Watoto ufukoni walicheka, wana haki.

Nimechukua wa inchi 26, urefu uleule. Maji yakiwa shwari unachelewa kidogo, sikatai. Ila wimbi la ubavuni likija sasa napiga kafi, sitapatapi. Pia pa kusimamia pamezama kidogo, miguu iko karibu na maji, na kuna vitundu vya kuyatoa yakiingia. Kamba ya mguuni, ile inayonifunga na ubao, siivui.