Soya ekari 2 bila urea: pakiti hii ya bakteria naitumiaje?

TwendeShamba: Habari wakuu. Nipo Namtumbo, nataka kupanda soya ekari 2. Bei ya urea imenishinda. Nimepata pakiti ya bakteria wa rhizobia, naambiwa inatosha badala ya urea. Naichanganyaje na mbegu? Mvua imekolea, nataka kupanda Jumamosi. Nikikosea msimu huu nimekwisha.

Mzee wa Samadi: Achana na pakiti, mwaga samadi. Vijana mnapenda njia za mkato, ardhi inachoka.

Kinundu: Mzee, samadi ni nzuri ila hajauliza hilo. Mtoa mada: kwa kilo 10 za mbegu, yeyusha vijiko 2 vya sukari kwenye mililita 200 za maji, lowesha mbegu ndani ya beseni, nyunyizia unga mweusi wa bakteria gramu 100, geuza taratibu hadi kila punje ishike weusi. Usisugue, ganda la soya huchubuka upesi. Anika kivulini, panda siku hiyohiyo na ufukie papo hapo; jua huua bakteria. Mbegu yako ina rangi?

TwendeShamba: Rangi inahusikaje? Mbegu ni bora, ya dukani.

Kinundu: Jibu swali mkuu.

TwendeShamba: Nyekundu, ina dawa ya ukungu. Lakini nimeshalipia kilo 50, hazirudishwi. Nitaziosha tu.

Kinundu: Usioshe! Dawa haitoki yote, ganda linachubuka, na maji yake ni sumu kwa kuku. Dawa kama thiramu na zile za shaba huua bakteria zikigusana nao. Changanya unga na udongo laini wenye unyevu, mwaga ndani ya mfereji, funika kidogo, ndipo uweke mbegu. Dozi iwe angalau mara mbili.

Hesabu Kali: Kilo 50 kwa pakiti moja? Hadithi ya kutunga hii. Kesho ataweka namba ya simu, kumbe muuzaji.

TwendeShamba: Siuzi chochote. Nilipewa moja ya kujaribia, nikaona nikiigawa kidogo kidogo itafika ekari zote.

Hesabu Kali: Basi soma, ni ya zao gani? Ya maharage haifai kwa soya.

TwendeShamba: Ya soya. Naitunza kabatini, si juani.

Kinundu: Usiitandaze, bakteria wakiwa wachache ni kazi bure. Kwa dozi hiyo mara mbili, pakiti ya gramu 100 itumie kwenye mistari ya kilo 5 tu, kwingine tafuta pakiti zaidi. Pandia mbolea ya TSP kilo 40 kwa ekari, maana bakteria huleta nitrojeni kama urea, hawaleti fosforasi. Urea usiweke mwanzoni: mmea ukishiba nitrojeni hautengenezi vinundu, vile vivimbe vya mizizini wanamokaa bakteria. Soya ikianza maua, chimba miche kwa jembe, usiing'oe, vinundu hukatikia ardhini. Vipasue. Ndani pakiwa pekundu au pinki, wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, hamna kitu. Sehemu isiyo na vinundu na yenye majani ya njano ndiyo uipe urea.

Mzee wa Samadi: Na udongo wenye tindikali?

Kinundu: Kipimo cha tindikali (pH) kikiwa chini ya 5.5, weka chokaa kwanza, mapema kabla ya kupanda.

Hesabu Kali: Mtoa mada, weka picha ya pakiti, tarehe ya kuisha muda ionekane.