Tupeane uzoefu: kumuuguza mzazi mwenye maradhi ya kusahau wakati ndugu mmetawanyika

Binti wa Mtambwe
Assalamu alaykum ndugu zangu. Leo asubuhi kaka yetu aliyeko Maskati ameniliza. Alimpigia simu mama, na mama akamwambia kwamba tangu jana hajatia kitu kinywani, ilhali bakuli la uji wa mtama lilikuwa bado mapajani mwake na kanga yake ina madoa ya uji huohuo. Kaka hakuniuliza mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kundi la familia akaandika kwamba mzee anashindishwa njaa. Mama ana presha na sukari kwa miaka mingi, na kusahau kumemzidi tangu alipopata kiharusi chepesi. Mimi ndiye niliyebaki naye hapa Pemba, dada yuko Unguja, na mdogo wetu wa kiume yuko kijiji cha pili lakini huonekana siku za Sikukuu. Naomba waliopitia mtihani huu waniambie: kazi mmegawana vipi? Nani anashika dawa, nani anatoa fedha, na nani ana kauli ya mwisho?

Kigingi
Pole sana, dada. Anayetuma fedha huona amekwisha maliza kila kitu.

Mwana wa Makunduchi
Umenikumbusha Ramadhani moja ambayo sitaki irudi. Baba alikuwa akitumia vidonge vya sukari, na kwa sababu ya kusahau kwake tulikubaliana kwamba dada mkubwa peke yake ndiye atakayempa. Mimi wakati huo nilikuwa kazini Dar es Salaam. Kufunga hakukumlazimu tena, lakini ukimpelekea chakula mchana alikasirika na kuisukuma sahani, kwa kuwa mwezi wenyewe hakuusahau hata alipokuwa amekwisha tusahau sisi wanawe. Siku hiyo alishinda bila ya kula, akafuturu tende na kikombe cha chai, dada akampa kidonge chake kisha akatoka kwenda kusali tarawehe. Ami yetu akaja kumjulia hali, akamwuliza kama amekunywa dawa, baba akajibu kwamba watoto wamemtupa na dawa hawampi, na ami, kwa nia safi kabisa, akafungua kikopo akampa kidonge kingine.

Usiku wa manane baba alitokwa na jasho hata fulana ikawa ya kukamua, akawa anazungumza maneno yasiyoungana na kumsukuma kila aliyemsogelea. Nusu ya nyumba ilisema amepandisha, na shangazi akaagiza ubani. Mjukuu wake aliyekuwa sekondari ndiye aliyeuliza mzee amekula nini tangu asubuhi. Hakungoja jibu, akakoroga sukari nyingi kwenye maji na, kwa kuwa baba alikuwa bado anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Gari iliyopatikana ilikuwa ya muuza samaki. Hospitali walimtundikia maji ya sukari na wakamzuia hadi kesho yake jioni, kwani kidonge kile huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi. Tangu hapo dawa ziko kabatini na ufunguo uko shingoni kwa dada, na nyuma ya mlango limening'inizwa daftari la skuli: anayetoa dawa anaandika saa na anatia jina lake, awe ami au awe nani.

Muuguzi Mstaafu
Daftari hilo ningelipenda liwepo katika kila nyumba. Kwa wazee wenye sukari wanaokula leo na kukataa kesho, muulizeni daktari hasa kuhusu kidonge cha sukari kiitwacho glibenklamidi, maana hushusha sukari kwa muda mrefu, na figo zikichoka hatari huzidi. Ila msiikatishe wenyewe. Jambo la pili ni kwamba maradhi haya ya kusahau kwa kawaida huenda taratibu. Mzee akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, tafuteni sababu nyingine: maambukizi ya njia ya mkojo, kifua, upungufu wa maji, hata kukosa choo. Vipimo vya mkojo na sukari hufanyika hukohuko Pemba, kwa hiyo hapana haja ya kumpandisha boti kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa kila jambo. Na tafadhali, piritoni ya mafua msiwape wazee ili walale. Inawavuruga akili zaidi.

Mtoto wa Maalim
Kwa heshima zote kwa muuguzi, mama yetu hospitali walimpa vitamini tu na wakatuambia ni uzee. Alichotulia nacho ni kusomewa kila baada ya Alasiri na kunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa.

Muuguzi Mstaafu
Kusoma hakuna aliyekukataza. Nimeona wagonjwa walioachishwa dawa za presha na mganga, wakarudi wamepooza upande mzima.

Mtoto wa Maalim
Mimi nimetaja Qur-ani, sikutaja mganga, na dawa za presha za mama sijazikatisha hata siku moja. Usinitie katika kapu lisilo langu.

Kigingi
Basi mnakubaliana, ila hamjasikilizana.

Karafuu Kavu
Hayo yenu ni mepesi. Msimu mmoja wa karafuu niliamka nikakuta wachumaji wageni wamepanda mikarafuu ya baba, majamvi yamekwisha tandikwa na polo zimepangwa. Nilipouliza, msimamizi wao akatoa karatasi yenye dole gumba la baba kwamba shamba amekwisha liuza. Kumbe jamaa yetu wa mbali alikuwa akija kumchukua asubuhi kwenda kunywa chai, na sisi tulikuwa tukimshukuru kwamba anampunguzia mzee upweke! Baba mwenyewe aliwakaribisha wale wachumaji kwa furaha na akaagiza wapelekewe maji, akidhani ni watu wake wa zamani.

Bandarini
Subhanallah! Mashahidi walikuwa nani?

Mkwe Mkubwa
Mikarafuu mingapi? Na sheha alikuwa anajua?

Kigingi
Huyo jamaa bado anasalimiwa msikitini?

Karafuu Kavu
Anasalimiwa, tena safu ya mbele. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo mengine sitasema. Maalim wetu alituambia muamala wa asiyekuwa na akili timamu hausihi, lakini mahakamani tumetakiwa kuonesha kwamba baba alikuwa amekwisha potewa na akili kabla ya tarehe ya ile karatasi. Chukueni maandishi ya daktari mapema, na hati za mzee zitoeni kwenye sanduku lake mbele ya ndugu wote.

Binti wa Mtambwe
Mama yangu hana shamba. Naomba turudi kwenye ugawaji wa kazi.

Bandarini
Mpeleke Sebleni mpumzike nyote.

Kigingi
Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ni za waliokosa wa kuwatunza. Mama mwenye watoto wanne unampeleka ukasema nini mlangoni?

Bandarini
Nilitania. Nusu yake.

Mkwe Mkubwa
Mmezungumzia dawa na mashamba, na hakuna aliyeuliza nani anamkogesha mzee. Mama mkwe wangu ana wana wa kiume watatu, na kwa ajili ya sitara hakuna anayeweza, kwa hiyo ni mimi kila siku, kiti cha plastiki uani na maji ya vuguvugu. Wifi huja kutoka mjini na ushauri mwingi, kisha huondoka kabla ya Magharibi, saa ileile ambayo mama hufunga kibindo chake akitaka "kwenda kwao". Simbishii. Tunazunguka nyumba pamoja, tunaingia kwa mlango wa jikoni, namwambia tumefika, naye ananikaribisha. Kwa hiyo mnapogawana, kuandikwe pia kukogesha na usiku, halafu tuone mikono itakayonyooshwa.

Shamba la Ole
Kwetu mama akianza kuhangaika tunampa ungo wa karafuu zenye makonyo. Majina yetu hayajui, lakini vidole vyake vinachambua kuliko vyetu, na akimaliza mdogo wangu huzichanganya tena.

Babu wa Jang'ombe
Fedha nazo ziandikwe. Pensheni jamii ya Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kwa waliofika miaka 70, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ndugu zangu waligombana nayo kama urithi. Nilipoanza kubandika ukutani risiti za nepi za watu wazima, ugomvi ulikwisha.

Mwana wa Makunduchi
Msibandike. Wageni wanasoma.

Binti wa Mtambwe
Nimempigia dada wa Unguja na nimemsomea maneno ya Mkwe Mkubwa. Alinyamaza, kisha akasema likizo ya skuli atakuja kukaa mwezi mzima, na usiku utakuwa wake. Kaka nimemtaka apige kwa video wakati mama anakula, alione bakuli mwenyewe, na dawa zote atakazotaka kuzituma zipitie kwangu kwanza. Amekubali, ingawa kwa mdomo mzito. Daftari nimelinunua.

Kigingi
Na yule mdogo wenu wa kijiji cha pili?

Binti wa Mtambwe
Amesema atakuja Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.