Maiki mbili za kondensa zinamaliza AA za kinasa sauti kabla ya alfajiri. Kiboksi cha fantomu au pawabenki?

Mlio_wa_Ziwa (Ilemela)

Mwangaluka wakuu. Nina kinasa sauti cha mkononi chenye matundu mawili ya XLR (plagi ya maiki yenye pini tatu), kinatumia AA mbili. Maiki ni kondensa mbili ndogo, karatasi yake inasema kila moja inakula miliampea 4 kwa fantomu ya volti 48, yaani umeme ambao kinasa kinaupeleka kwenye maiki kupitia waya wake. Kazi ni ya saa tano hadi sita mfululizo: mitumbwi ya dagaa usiku, kisha mnada wa alfajiri pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Umeme wa kuchomeka hakuna. Fantomu ikiwa imezimwa betri zinakaa karibu saa tatu. Nikiiwasha, saa moja na nusu kinazima, na dakika za mwisho sauti kubwa zinapasuka.

Nimefikiria kubeba AA za kutosha nibadilishe katikati, au kuchomeka pawabenki, au kujenga kiboksi cha fantomu chenye betri za volti 9. Kipi kinafaa, na kiboksi kinaundwaje?

FundiRedio

Mhola mkuu. Anza na ganda la betri. Likiwa limeandikwa R6, hiyo ni kaboni na zinki, betri ya rimoti na saa ya ukutani. LR6 ndiyo alkalaini. Yale maneno makubwa ya kusifia nguvu yanakaa zaidi kwenye ganda la kaboni, usiyasome, soma namba. Kwa saa ulizotaja naona umeuziwa R6.

Hesabu yenyewe ni hii. Maiki mbili ni miliampea 8 kwa volti 48, sawa na wati 0.38. Kinasa hakina volti 48 ndani, kina kisaketi kinachopandisha volti 3 au 2.4 za AA hadi 48, na sehemu ya umeme inapotea kama joto. Kisaketi kikifanya kazi kwa asilimia 70, AA zinatoa wati 0.55. Ukitumia AA mbili za kuchaji, hizo ni miliampea 230 juu ya zile zinazoliwa na kinasa chenyewe. Halafu volti ikishuka kisaketi kinavuta ampea zaidi ili kutoa wati zilezile, betri inazidi kushuka, ndiyo maana mwisho unakuja ghafla.

AA za kuchaji za NiMH za miliampea-saa 2000 zitakupa saa nne hivi. Kumbuka kuingia kwenye menyu ya kinasa na kubadilisha aina ya betri kuwa NiMH, usipofanya hivyo kitasoma volti 1.2 kama alkalaini iliyochoka na kuzima mapema. Saa nne bado hazikufikishi mnadani, kwa hiyo ni lazima mzigo wa fantomu utoke kwenye AA.

Kabla ya kujenga chochote pima kwanza. Fantomu imewashwa, hakuna maiki: multimita kati ya pini 1 na pini 2 isome volti 44 hadi 52. Kisha hamishia multimita kwenye miliampea, pini zilezile. Utakuwa umeunganisha kupitia rizista ya kilo-omu 6.8, hakuna kitakachoungua, na kwa fantomu yenye afya utaona karibu 7. Rudia pini 1 na 3. Pima betri zikiwa mpya na zikiwa zinakaribia kuisha.

WayaMweusi

Kiboksi ndiyo dawa, na si kazi ngumu. Betri za volti 9 tano, mfululizo, volti 45, iko ndani ya kiwango. Hakuna kisaketi cha kupandisha umeme, kwa hiyo hakuna mvumo wa aina yoyote. Hapo tu kinashinda fantomu ya vinasa vingi vya bei ndogo.

Vifaa kwa maiki mbili: klipu 5 za betri, swichi 1, XLR jike 2 (upande wa maiki), XLR dume 2 (upande wa kinasa), rizista 4 za kilo-omu 6.8, rizista 1 ya omu 100, kapasita 4 za mikrofaradi 47 za volti 63, kapasita 1 ya mikrofaradi 100 ya volti 63, rizista 4 za kilo-omu 100, na boksi la chuma. La plastiki litakuletea mvumo.

Chanya ya betri inapita kwenye swichi, kisha omu 100, kisha chanya ya kapasita ya 100. Hasi ya betri na hasi ya kapasita hiyo zinakwenda pini 1 za XLR zote na kwenye boksi. Kutoka chanya ya kapasita hiyo zinatoka rizista za 6.8, moja kwa kila pini 2 na kila pini 3 ya upande wa maiki. Kutoka pini hizohizo kapasita za 47 zinavuka kwenda pini za namba ileile upande wa kinasa, chanya ya kapasita ikitazama maiki. Upande wa kinasa kila pini 2 na 3 inashushwa kwenye pini 1 kwa rizista ya kilo-omu 100, ili kapasita zisibaki na chaji ikakupa mpasuko ukichomeka.

Rizista za 6.8 ndizo zinazoharibu kazi za wengi. Si lazima ziwe 6800 kamili, ila mbili za maiki moja zilingane, tofauti isizidi asilimia 0.4, yaani omu 27. Nunua 20 za asilimia 1, zipime, chagua jozi. Zisipolingana maiki inafanya kazi, lakini waya mrefu utaokota kila mvumo ulio karibu. Pia chukua za nusu wati: waya wa maiki ukigusana ndani, rizista moja inabeba wati 0.3, robo wati itaungua.

Usiweke taa ya kuonyesha kimewashwa, itakula nusu ya kinacholiwa na maiki moja. Weka kitufe cha kubonyeza kinachopeleka multimita, au fungua boksi upime.

Maiki ikiwa imechomekwa utakuta volti 31 hivi kwenye pini 2, usishtuke. Miliampea 4 zinapita kwenye rizista mbili zilizo sambamba, kilo-omu 3.4, zinaacha volti 13.6 hapo.

Betri chukua 6LR61, siyo 6F22 ambayo ni kaboni. Kwa miliampea 8 zitakupa zaidi ya saa 20 kabla jumla haijashuka hadi volti 40. Hapo badilisha zote tano kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Za kuchaji za NiMH chukua zilizoandikwa 8.4, tano zinatulia kwenye volti 42, maiki nyingi hazitalalamika. Zile za lithiamu zenye tundu la USB ziache kabisa: ndani zina kisaketi cha kubadilisha volti, na kelele yake utaisikia kwenye sehemu za kimya.

Jambo moja la kukariri: kiboksi kikitumika, fantomu ya kinasa IZIMWE. Ukiiacha imewashwa na kiboksi kimezimwa, kapasita zinapata umeme kinyume, zitavimba.

FundiRedio

Pawabenki naikataa kwa fantomu, ila inaweza kulisha kinasa kwenye tundu la USB. Nyingi zinajizima zikiona mzigo mdogo, na nyingine zinaimba kwa mlio mwembamba kama mbu. Jaribu chumbani kwanza: maiki zimechomekwa, ongeza geini (kiwango cha kukuza sauti) hadi juu, sikiliza kwa hedifoni ukichomeka na kuchomoa. Na kama unatengeneza ya kwako kwa seli za lithiamu za 18650, inayoandikwa miliampea-saa 9900 ni uongo, seli nzuri za ukubwa huo zinaishia karibu 3500.

Usiku kule majini waya za maiki zisilale juu ya betri wala waya za taa za LED za kuvutia dagaa. Taa zile nazo zina visaketi vinavyokata umeme kwa kasi. Ukipata mtumbwi wenye karabai, mvumo huo hautakuwepo, ila sauti ya karabai yenyewe itaingia.

Mlio_wa_Ziwa (Ilemela)

Asanteni sana. Ganda ni R6 kweli. Vipimo: betri mpya volti 46.8 na miliampea 6.9, zikichoka volti 39 na 5.7. Maswali mawili. Kuna mkwaruzo unaokuja kuelekea alfajiri, upande wa kushoto tu, nao ni betri? Na dukani kapasita za volti 63 hazipo, ziko za 50. Zinafaa?

WayaMweusi

Betri ikichoka zinaumwa maiki zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja maana yake ni unyevu au plagi. Badilishana nyaya kushoto na kulia bila kugusa maiki: mkwaruzo ukihamia upande wa pili, umetoka kwenye maiki au waya wake, ukibaki palepale ni tundu la kinasa. Ikiwa ni maiki, ule ni umande wa ziwa umeingia kwenye kapsuli, ile sehemu ya maiki inayopokea sauti. Iweke kwenye chombo kinachofunga pamoja na pakiti za silika usiku mzima. Mchele usitumie, vumbi lake linaingia kwenye wavu. Kazini washa fantomu dakika 15 kabla, joto dogo la saketi linasaidia, na usiitoe kwenye mfuko baridi ukaipumulia.

Kapasita za 50 hapana. Alkalaini mpya zinaanza volti 9.5 au zaidi kila moja, tano ni 48, unabaki na nafasi ya volti mbili tu. Uliza za volti 100, zitakuwa nene kidogo, kwa hiyo nunua kapasita kwanza ndipo uchague boksi.