Mchekeshaji akipewa filamu ya huzuni, shida ni yeye au sisi watazamaji?

Wadau nisaidieni maana juzi nimebishana na rafiki yangu hadi tukakaribia kununiana. Yeye anasema mchekeshaji abaki kwenye komedi, ukimweka kwenye filamu ya huzuni watu wanasubiri tu kituko na filamu inakufa. Mi nakataa kabisa.

Mchukue Jim Carrey. 1994 peke yake katoa Ace Ventura, The Mask na Dumb and Dumber, yani komedi tatu mwaka mmoja, uso unavutika kama mpira. 1998 mwongozaji Peter Weir akampa The Truman Show, jamaa anaitwa Truman anaishi kwenye mji wa kuigiza tangu azaliwe, kamera kila kona, dunia nzima inamtazama kama kipindi cha TV ila yeye hajui. Sasa angalia alichofanya, hakuuficha ule uchekeshaji wake, kaingia nao mulemule! Mwanzoni anawasalimia majirani asubuhi, kwamba kama hatutaonana tena basi nawatakia na mchana mwema na jioni na usiku kabisa, unacheka. Mwishoni kafika mlango wa kutokea kwenye ule mji, ameshajua maisha yake yote yalikuwa maigizo, anairudia salamu ileile halafu anainama kama msanii anayeaga jukwaani, mi machozi yalinitoka. Tena iliniuma kwa sababu nilikuwa nimemcheka miaka yote hiyo, ghafla najiona na mimi ni mmoja wa wale waliokuwa wanamtazama Truman.

Halafu Oscar wakampendekeza Weir, wakampendekeza Ed Harris aliyeigiza mwenye kile kipindi, hadi aliyeandika skripti, ila Carrey aliyeibeba filamu nzima hayumo. Tuzo ya Golden Globe walimpa, tena upande wa drama. Kwangu hiyo ni dharau.

Najua mtaniletea Roberto Benigni, kweli mwaka uleule alibeba Oscar ya mwigizaji bora kwa Life Is Beautiful na ni mchekeshaji, hapo nakubali. Lakini yule baba aliyemwigiza alimliza mtu kwa njia gani? Kwa utani aliokuwa anamfanyia mwanae ndani ya kambi ya Wanazi ili mtoto asijue kinachoendelea. Ni kipaji kilekile.

Rafiki yangu yuko sahihi sehemu moja tu, wapo wanaokunja uso filamu nzima wakidhani ndo kuwa siriasi, hao hata mi wananichosha. Ila anayebisha kuhusu Carrey anitajie mwigizaji yeyote wa drama wa miaka ile ambaye angeinama pale mlangoni tukaumia vilevile.