Yule fundi mnayempigia debe humu KASHIKA RODI YA SHOKAPU YANGU KWA PLAIZI

Mzee wa Miamba
Wakuu, leo sisalimii mtu. Natoka kwake sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Mtu akiuliza humu nani anatengeneza magari ya rimoti hapa Mwanza, wote mbio kumtaja: "Nenda kwa yule, ana mkono." Mkono gani? Kashika rodi kwa plaizi! Rodi ya shokapu, ile inayong'aa. Plaizi tupu, bila kitambaa, mimi nimesimama pale pale.

Wala sikumpelekea maiti. Ni krola, gari la rimoti la kupandia miamba, saizi ya moja kwa kumi ya gari halisi, inapanda mawe ya Capri Point mpaka wapita njia wanatoa simu. Tatizo lilikuwa shokapu moja tu, ya mbele kushoto, inanata. Ukibonyeza gari inashuka vizuri, ukiachia hairudi, imechuchumaa hapo hadi uitikise. Ukilikatiza jiwe kwa ubavu, gari linalalia upande huo na kubingirika kuelekea ziwani. Nikamwambia fungua, mwaga oili ya zamani, kagua oringi (zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje), jaza ya silikoni. Nilikwenda nayo mwenyewe, namba 30, nikamwekea mezani.

Chupa hakuigusa. Akavuta kidumu chini ya meza: "Oili ni oili." Sijui ya cherehani, sijui ya kukaangia sambusa, ilikuwa nyeusi na ndani anaogelea mdudu. Hapo bado nilikuwa na ustaarabu wangu. Kisha kile kichwa cha plastiki cha chini kikamgomea kufunguka, ndipo akachomoa plaizi. Plaizi yenyewe nadhani ndiyo iliyojenga daraja la Busisi. KRAAA! Nimeisikia kwenye magego. Nikapiga ukelele, naye akawageukia wateja: "Mzee mzima analilia mdoli." Wakacheka. Muuza vocha akacheka. Mtoto wa muuza vocha, hata meno hajaota, akacheka.

Kwa plaizi, wakuu.

Kijiti Kikavu
Siti ya mbele, na karanga zangu. Mkuu una umri gani vile?

Mzee wa Miamba
Umri wangu haujashika rodi ya mtu kwa plaizi.

Fundi Mstaafu
Pole mkuu. Rodi ikishapata mkwaruzo imekwisha, maana kila ikiingia inakwangua oringi, oili inavuja na mchanga unaingia. Badilisha rodi na oringi zake. Ile oili ya kidumu imwage leo leo, kuna mipira ikikutana na oili ya injini inavimba, na hapo kunata kutazidi. Siku nyingine, kabla ya kumpelekea mtu, itoe shokapu kwenye gari, vua springi, sukuma rodi kwa kidole. Ikiteleza bila shida, basi ndani ni nzima: mwenye makosa ni skrubu iliyokazwa mno pale inapofungwa kwenye gari. Ikinata mkononi, legeza kidogo kifuniko cha chini, kikikazwa sana kinabana oringi. Bado? Toa rodi uiviringishe juu ya kioo, iliyopinda utaiona inarukaruka.

Mzee wa Miamba
Asante mkuu. Ila umesoma pale aliposhika kwa plaizi?

Fundi Mstaafu
Nimesoma. Mara zote.

Kijiti Kikavu
Mdoli unaendeleaje? Umekula uji?

Dereva wa Noah
Nyie mnalia na magari ya kubeba kwapani. Mimi kuna mmoja kanifungia shokapu za nyuma, "mpya kabisa boss". Nafika Usagara zinalia. Kumbe kazipiga rangi tu! Rangi imenibaki kwenye suruali.

Sangara Mbichi
Hahaha, angalau wewe umefika Usagara. Wangu kaondoka na pikipiki "kuijaribu". Namwona kila Jumapili anapita nayo na shemeji.

Mzee wa Miamba
Jamani uzi huu ni wa rodi.

Dereva wa Noah
Shemeji yake au shemeji yako?

Sangara Mbichi
Wangu mkuu. Ndiyo maana sijaenda polisi.

Binti Nyegezi
Mafundi wote damu moja. Wa cherehani kanikabidhi gauni la send-off asubuhi ya send-off, mkono mmoja unafika kwenye kiwiko, mwingine unafika kwenye kidole. Namuuliza, ananijibu "ndiyo mtindo". Nimepiga picha zote nimeficha mkono nyuma.

Mzee wa Miamba
Pole dada, ila gauni linashonwa upya. Rodi iliyoshikwa kwa p

Kijiti Kikavu
Mkuu pumzika. Binti, ni yule mwenye redio kubwa mlangoni, anayesema "kesho jioni" hata hujamuuliza?

Binti Nyegezi
Huyo huyo!!

Kijiti Kikavu
Ana kitambaa changu cha suruali tangu Pasaka.

Sangara Mbichi
Na cha mke wangu. Vitenge pea mbili.

Binti Nyegezi
Basi kesho saa nne tumvamie wote, kabla hajafungua redio. Mimi nakuja na mama mkwe.

Dereva wa Noah
Noah ipo, nauli buku buku. Atakayekaa nyuma avae suruali nyeusi.