Saa saba ndani ya Cádiz na mama mwenye magoti mabovu: nini kisikose?

Mwana_Mtwapa
Wakuu, habari. Tunatoka Sevilla kwa treni Jumatatu, tunaingia Cádiz, mji wa bandari kusini mwa Hispania, saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Nipo na mama, miaka 71, ngazi zinamtesa. Tunafuata historia, ufukwe si lazima. Tuanzie wapi?

NahodhaMstaafu
Kwanza hamisha siku. Jumatatu makumbusho ya mji, Museo de Cádiz, pale uwanja wa Plaza de Mina, hufungwa, na bila hiyo ni kama hamjafika. Jumanne hadi Jumamosi hufunguliwa saa tatu asubuhi, Jumapili hufungwa saa tisa alasiri. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure, wengine euro 1.50.

Ghorofa ya chini kuna majeneza mawili ya marumaru ya Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka pwani ya Lebanon, karne ya 5 KK. La mwanamume lilifukuliwa mwaka 1887, la mwanamke likaja kuonekana 1980. Msiyapite mbiombio. Mwanamume ana ndevu zilizosukwa mawimbi na ameshika komamanga. Mwanamke ameshika kichupa cha manukato. Mama hatapanda ngazi hata moja kuyafikia, na mji mkongwe wenyewe ni tambarare, mnatembea tu kutoka stesheni.

Darubini
Naongezea mnara wa Torre Tavira. Cádiz ilitajirika baada ya 1717, Casa de Contratación, ofisi iliyosimamia biashara na Amerika, ilipohamishwa kutoka Sevilla. Wafanyabiashara wakajenga minara juu ya nyumba zao ili kuona meli zikirudi, na zaidi ya mia bado imesimama. Tavira ukafanywa mnara rasmi wa bandari mwaka 1778.

Juu kuna chumba cha giza: kioo na lenzi vilivyo darini huangusha picha hai ya mji kwenye meza nyeupe yenye umbo la bakuli. Utaona nguo zikipepea kwenye kamba na shakwe wakipita. Watu hukosea mambo mawili. Hawaulizi mapema zamu ya maelezo kwa lugha yao, wakakuta imejaa. Au huenda siku ya mawingu, picha ikafifia, maana mwanga wote ni wa jua. Ukiwa juu tafuta La Bella Escondida, mnara wa pembe nane usioonekana kabisa ukiwa barabarani.

Ila ni ngazi tupu. Mama abaki chini.

Mwana_Mtwapa
Asanteni sana. Tumesogeza hadi Jumanne. Je, kuna mahali pa juu anapoweza kupanda? Na chakula? Hatuli nguruwe.

NahodhaMstaafu
Mnara wa kanisa kuu, Torre del Reloj. Huo una njia ya mteremko badala ya ngazi, apande polepole. Kanisa lilianza kujengwa 1722 likamalizika 1838, ndiyo maana jiwe la chini na la juu havifanani rangi. Ndani mtaona nyavu chini ya dari: chumvi ya bahari hula jiwe, vipande vikadondoka.

Na kwenye kuta za zamani mguse piedra ostionera. Mtu wa pwani atadhani ni matumbawe kama ya kwetu, kumbe ni makombe na mchanga vilivyogandamana. Ukitazama karibu unaona kombe moja moja.

Darubini
Chakula: Mercado Central, kabla ya saa nane mchana, baada ya hapo meza za samaki hufungwa. Hapo Jumanne mmepata bahati, kwa sababu Jumatatu samaki huwa wachache, wavuvi hawatoki Jumapili. Ombeni tortillitas de camarones, chapati nyembamba za uduvi na unga wa dengu, zilizokaangwa hadi zikakauka. Cazón en adobo ni papa mdogo aliyelowekwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Ulizeni kama wametia mvinyo. Chicharrones mziache, hizo ni nguruwe.

Maduka mengi hufungwa saa nane hadi saa kumi na moja, kwa hiyo manunuzi yafanyeni asubuhi.

Mwana_Mtwapa
Basi makumbusho, Tavira nikiwa peke yangu, sokoni, halafu kanisa kuu. Nimenakili yote.

NahodhaMstaafu
Sawa. Ukikuta levante inavuma, ule upepo wa mashariki, anzeni na mnara wa kanisa asubuhi kabla haujakolea. Juu kule humyumbisha mtu mzima.