Tupeane uzoefu: Scare Tactics na komiki nyingine za mazimwi vijana zilizozimika mapema. Kuzipata, kuzitunza kando ya ziwa, na kuchora zetu

Furu_wa_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wapenzi wa Scare Tactics, ile komiki ya DC, kampuni ya Marekani, iliyoanza mwishoni mwa 1996 na kuzimika mapema 1998. Matoleo 12, basi. Mwandishi Len Kaminski, mchoraji Anthony Williams. Kwa wasioijua: ni vijana wanne ambao dunia inawaona mazimwi. Fang ni mtu-mbwamwitu, Slither ana magamba kama kenge, Screamqueen ni mnyonya damu, na Gross-Out ni bonge la kijana ambaye mwili wake haumtii. Arnold Burnsteel, aliyewatorosha, anawaficha mahali ambapo hakuna atakayefikiria kuwatafuta: jukwaani. Wanajifanya bendi ya roki, na watu wanadhani magamba na meno ni mapambo ya shoo.

Utamu wake uko hapo. Umati unawashangilia kwa sura zilezile ambazo zingewafanya wapigwe mawe barabarani.

Sasa tupeane uzoefu wa vitendo. Hadithi za "mimi nilipokuwa darasa la tano" tuziweke kando, zitatumalizia uzi.

Sangara Mkavu

Mkuu, 12 hazitoshi. Mwaka 1997 kila kijana wa bendi alipewa toleo maalumu pamoja na mhusika maarufu: Robin Plus namba 2 (Fang), Superboy Plus namba 2 (Slither), Catwoman Plus (Screamqueen) na Impulse Plus (Gross-Out). Hesabu kamili ni 16. Muuzaji akiandika "seti kamili" mara nyingi anamaanisha zile 12, kwa hiyo muulize. Hizo 4 huwa zimepangwa kwenye mafungu ya Robin au Catwoman. Ukizitafuta kwa jina la bendi utakesha.

Kabla ya kulipa omba picha nne: jalada la mbele, la nyuma, mgongo kwa karibu, na karatasi ya katikati ikiwa imefunguliwa. Karatasi ya katikati ndiyo hung'oka kwanza kwa sababu inashikwa na miguu ya pini tu, haina nyingine juu yake ya kuikandamiza. Na ikitoka inaondoka na kurasa 4, si 1. Mgongoni angalia vijistari vyeupe vinavyokatiza (dalili kwamba ilikunjwa nyuma na msomaji) na duara la kahawia kuzunguka pini. Hiyo ni kutu, na kutu haifutiki.

Ufungaji: mwambie akate kadibodi mbili, moja mifereji yake ya ndani iende wima, nyingine iende mlalo, komiki zikae katikati. Ukiweka zote wima zinakunjika pamoja kama jamvi. Komiki ina takriban sm 17 kwa 26, kadibodi izidi sm 2 kila upande. Toleo moja halifiki gramu 100, hivyo zote 16 hazivuki kilo 2. Ni bora kungoja muuzaji mmoja mwenye zote kuliko kulipa nauli ya posta mara tano.

Dada wa Igoma

Nije kwenye kutunza, maana hapo ndipo watu huua komiki kwa mapenzi yao wenyewe.

Karatasi nyingi za ndani za zama zile ni za mbao iliyosagwa. Zina asidi, na asidi hiyo ikipata joto, mwanga na unyevu inaharakisha kuzifanya za manjano, halafu zinavunjika kama chapati kavu. Mwanza tunavyo vyote vitatu. Unyevu wa ziwa upo mwaka mzima, na kuna mvua za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei. Anayekaa kwenye nyumba za mlimani, Mabatini, Igogo au Isamilo, anajua ule ukuta uliolalia jiwe unavyotoa jasho. Rafu isiguse ukuta huo kabisa. Acha sm 10 nyuma na sm 15 kutoka sakafuni. Juu ya dari chini ya bati napo usithubutu, ni tanuri.

Mfuko mwangavu uwe wa polipropilini au poliesta. Ule laini unaonuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC: unatoa mvuke, baadaye unang'ang'ania wino wa jalada na ukiuvuta unabandua picha. Nyuma ya komiki weka ubao mwembamba usio na asidi. Ukiukosa, kata karatasi 3 nyeupe za A4 za ofisini kwa sm 17 na nusu kwa 26 na nusu. Karatasi nyingi za ofisini za siku hizi hazina asidi. Manila ya rangi hapana, ikipata unyevu inachujisha rangi.

Zisimame wima kwenye boksi, zijae kiasi cha kiganja kuweza kupita. Zikiwa chache zinalala ubavu na mgongo unapinda, kwa hiyo jaza nafasi na kadibodi. Weka silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) gramu 50 kwa boksi. Vile vipakiti vya kwenye viatu vipya ni vya gramu chache na kwa kawaida vimeshashiba unyevu kabla hujavitoa dukani.

Wale vidudu wa ziwani wanapokuja kama moshi kutoka majini, funga dirisha au zima taa, usisome. Mmoja akipondeka kati ya kurasa anaacha doa la kijani lenye mafuta. Akitua, usimfute. Mwache akauke, kisha mpeperushe kwa brashi laini.

Mzee wa Steji

Vidonge vya nafthalini vya kufukuza wadudu je? Kabatini kwa nguo vinafanya kazi vizuri.

Dada wa Igoma

Baba, shikamoo. Kwenye boksi la komiki hapana. Mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki na harufu haitoki tena. Kwa mende tumia asidi ya boriki sakafuni, nje ya boksi, mbali na watoto. Kwa mayai ya wadudu tumia friza: komiki ndani ya mifuko miwili, hewa yote itolewe, nyuzi -18, wiki 2. Ukiitoa usifungue mfuko kwa saa 24. Watu hukosea hapa. Wanafungua papo hapo, jasho linatua kwenye karatasi baridi, wameua wadudu wakazaa ukungu.

Furu_wa_Kirumba

Na iliyolowa? Bati limevuja, boksi limejaa maji.

Dada wa Igoma

Una takriban saa 48 kabla ya ukungu. Usizitenganishe kurasa zikiwa chapachapa, zitachanika. Zilaze, zichuje maji saa moja au mbili. Kisha weka karatasi nyeupe ya kunyonya kila baada ya kurasa 8, ibadilishe kila ikilowa, feni ipulize chumba badala ya kuielekeza kwenye komiki. Jua la moja kwa moja linapindisha. Jalada linalong'aa ndilo la kuwahi: likikauka limegusana na jingine yanagandana kabisa. Zikiwa nyingi kuliko mikono yako, gandisha zote kwenye friza, kisha kausha mbili tatu kila siku. Baadaye, pini yenye kutu itoe kwa kunyoosha miguu yake na kisu butu, usiivute. Palipochanika paka uji mzito wa unga wa ngano na kipande cha karatasi ya tishu, ila selotepu kamwe.

Chubwi

Mimi niko upande wa wachoraji. Wengi wanaiga kwa kuchora bendi ya roki na magitaa, wanaishia na kitu cha Marekani chenye majina ya Kisukuma. Kazi ya ile bendi kwenye hadithi ni kuwapa mazimwi sababu ya kuonekana. Sisi sababu hiyo tunayo tangu enzi za mababu: ngoma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi na uwanja wake, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Vituko vinaruhusiwa, tena vinatakiwa. Bayeye wanacheza na nyoka. Kijana mwenye magamba akisimama kati yao nani atamtazama mara mbili? Toleo la kwanza unaliweka kwenye Bulabo, ile sikukuu ya mashindano ya ngoma, pale Bujora, Kisesa.

Na zimwi tunalo. Katika ngano za Kisukuma, Shing'weng'we alimeza watu na mifugo hadi kijana Masala Kulangwa akampasua. Chora mjukuu wa Shing'weng'we wa miaka 15 anayeogopa kupiga miayo mbele za watu.

Tahadhari moja ambayo sitaijadili. Usichore zimwi lenye macho mekundu, wala ngozi isiyo na rangi. Kanda hii bibi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni, na wenye ualbino wamewindwa. Zimwi lako liwe na pembe, mkia, magamba, chochote kisicho cha jirani yako.

Maandishi: Kiswahili kinataka puto pana (kile kiduara chenye maneno ya mhusika). "Hawatatutambua" ni neno moja la herufi 14, na katika puto jembamba linakatika vibaya. Andika maneno kwanza, herufi za mm 3, halafu chora puto kuyazunguka. Ukilazimika kukata, kata kwenye silabi: hawata-tutambua. Zaidi ya maneno 15 kwa puto, gawa. Milio usikope. Tunayo: mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi, hulala fofofo, mlango hufungwa ndi, giza huwa totoro.

Sangara Mkavu

"Giza totoro" mkuu kwenye fotokopi ni majanga. Weusi mkubwa unatoka kijivu wenye michirizi, na ukipita kwenye mkunjo unabanduka. Usiku uchore kwa mistari, nafasi ya mm 1 kati yake. Penseli ifutwe yote, mashine ama haiioni ama inaigeuza uchafu.

Kuchapa: kurasa zigawanyike kwa 4. Kitabu cha kurasa 16 cha A5 ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa. Upande wa nje wa karatasi ya kwanza ni 16 kushoto na 1 kulia, nyuma yake 2 na 15. Ya pili 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya nne 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kila jozi ijumlishe 17, isipojumlisha umekosea. Mwambie kijana wa steshenari ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu kurasa za nyuma zinasimama kichwa chini, na yeye hatagundua mpaka nakala ya 50. Chapa moja, ikunje, ndipo uruhusu.

Stepla ya kawaida haifiki katikati. Ifungue, tandika kandambili chini ya mkunjo, gonga pini 2, sm 5 kutoka juu na sm 5 kutoka chini, kunja miguu yake kwa mgongo wa kijiko. Ukingo wa mbele ukate mm 2 kwa wembe na rula ya chuma, kwa sababu karatasi za ndani huchomoza.

Mzee wa Steji

Nyongeza kwa Chubwi. Jina Shing'weng'we lina vikoma-juu viwili, na ving'ong'o vyake vinategemea hivyo. Kwenye maandishi ya mkono ya mm 3 fotokopi huvila vyote na linabaki jina lisilosomeka. Vifanye vinene kama punje ya mtama, uviachie nafasi pande zote. Kwa "ng'ombe" hivyohivyo.